Kitanda Kilichobaki Vanishi Tu

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo pakawa ya wagonjwa siitaki. Paukwa!

— Pakawa!

Kitanda kina miguu minne!

— Mbona hakiji?

Kipo kwa fundi!

— Basi tukifuate!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Na wewe Mwanakombo, acha kumfinya mwenzio, ngano hii haitaki kelele zako.

Hapo zamani za kale, zamani za zamani hasa, wanyama walipokuwa wakiuziana na kukopeshana kama sisi, palikuwa na Kanga. Namsema kanga ndege, si kanga ya kujitanda, mnanicheka nini?

Kanga alitaga mayai yake chini, kwenye nyasi, nyuma ya kichuguu. Ndivyo walivyotaga mama zake na bibi zake. Kanga hapandishi yai mtini.

Lakini nchi ile ilikuwa na siafu. Mvua za masika zikikaribia, siafu hutoka ardhini, kundi juu ya kundi, wakashika njia. Wanachokikuta wanakila. Hawana kubisha hodi, hawana samahani. Mwaka uliopita walipita kwenye kiota cha Kanga. Alikwenda kutafuta chakula akiwa mama wa watoto, akarudi akakuta maganda.

Alilia Kanga! Alilia mpaka sauti ikakauka.

Basi mwaka huu, alipotaga tena, akasema, "Hapana. Safari hii wanangu watalala kitandani."

Nanyi mnajua kwa nini. Kitanda kirefu, miguu yake ukiitumbukiza kwenye vifuu vya maji, siafu hapandi. Siafu anapanda mti, anapanda ukuta, anapanda mpaka kichwani kwa mtu, lakini maji ya kifuuni yanamshinda. Wazee wote hufanya hivyo masika yakija. Alichokikosa Kanga ni kitanda tu.

Sasa kwenye njia ya mtoni palikuwa na duka la samani, na mwenye duka alikuwa Kenge. Mnamjua Kenge. Shingo ndefu ya kuinamia wateja, na maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni.

"Karibu mteja wangu, karibu! Mteja ni mfalme! Leo Mungu amekuongoza."

Mbele ya duka kilisimama kitanda. Jamani, kitanda! Miguu mirefu, kichwani maua ya kuchongwa, kimepakwa vanishi kinang'aa mpaka unajiona sura yako ndani yake. Kanga alipokiona moyo ukamlipuka kwa furaha. Akanyoosha bawa akiguse.

"Aa! Usiguse, mama!" Kenge akamrukia. "Vanishi haijakauka. Ukigusa utaacha alama, na hiki ndicho chako."

"Changu?"

"Chako, kama utatoa arubuni."

Nyuma ya duka palikuwa na pazia la makuti, na nyuma ya pazia kitu kilikuwa kinagonga. Ko-ko-ko. Ko-ko-ko.

"Unamsikia fundi?" akasema Kenge. "Hapumziki. Kazi kazini."

Na kweli, nyuma ya pazia sauti ikaimba. Haya, iimbeni na nyinyi:

*Ko-ko-ko, fundi yumo kazini,*
*Ko-ko-ko, mteja tulia chini.*

Kanga akasema, "Bwana Kenge, nina mtama. Nitakupa kapu zima iwe arubuni."

Kenge akacheka. "Mtama? Mtama nitaufanyia nini? Arubuni isiyouma si arubuni, mama. Nipe kitu kitakachonihakikishia kwamba utarudi. Nipe manyoya ya mabawa yako, yale marefu."

Kanga akashtuka. "Nitarukaje, kaka?"

"Unaruka uende wapi? Kitanda kikija una haja gani ya kuruka? Na manyoya yataota. Mambo ya kawaida hayo."

Enyi watu! Mwenye shida hachagui. Kanga akainamisha kichwa, akayang'oa manyoya yake mwenyewe, moja moja, mpaka ngozi ikatoa damu. Kenge akayapokea, akayapitisha nyuma ya pazia.

"Njoo keshokutwa," akasema. "Imebaki vanishi tu."

Kanga akarudi kwa miguu. Njiani akakutana na jirani yake, Bi Nungunungu, amejifunga shuka mwili mzima na jua lote lile.

"Shoga, mbona umejifunika hivyo?" akauliza Kanga.

"Baridi," akasema Nungunungu. "Na wewe mbona unatembea, huruki?"

"Nanyoosha miguu," akasema Kanga.

Wakacheka kidogo, kila mmoja akashika njia yake. Hakuna aliyemwambia mwenzake ukweli. Mnaona mambo ya kuona haya hayo?

Keshokutwa ikafika. Kanga akaenda.

"Ndiyo kwanza nilikuwa nakuwaza!" akasema Kenge. "Kitanda tayari kabisa. Tatizo mbao za ubavuni, zimechelewa njiani. Lakini msikie fundi."

Ko-ko-ko, fundi yumo kazini.

Kanga akakitazama kitanda. Kilisimama palepale. "Hicho si kimeshakwisha? Kina ubavu, kina miguu, kina kila kitu."

"Kwa macho yako, mama. Kwa macho ya fundi bado. Ungependa kikuangushie watoto?"

Kwa neno hilo Kanga akaacha kubisha. Hakutaka kitanda cha kuangusha watoto.

"Na kwa sababu wewe ni mteja wangu mzuri," akaendelea Kenge, akiinamisha ile shingo, "nitakuletea mpaka nyumbani, bure. Unakaa wapi?"

Kanga akafurahi. Akamwelekeza yote: "Ukivuka kijito, ukate kulia, kuna kichuguu kikubwa, nyuma yake kwenye nyasi ndefu."

"Nyuma ya kichuguu," Kenge akarudia polepole. "Nyasi ndefu. Vizuri sana. Sasa kaa hapa, umsikilize fundi asije akazembea, mimi nikafuate mbao."

Kenge akaondoka. Kanga akakaa. Akasikiliza, ko-ko-ko, ko-ko-ko, jua likazunguka. Kenge akarudi mikono mitupu. "Mbao bado. Njoo siku ya tatu."

Kanga akarudi kwenye kiota chake, akalalia mayai. Kifua chake kikahisi baridi mahali pamoja. Palipokuwa na yai, sasa pana shimo.

Akatafuta kwenye nyasi huku na huko. Hakuna yai, hakuna ganda.

"Nyoka," akasema moyoni. "Ni nyoka tu. Kitanda kikifika, hata nyoka hatapanda." Maskini! Alilia, akafuta machozi, akaendelea kungoja kitanda.

Siku ya tatu ikafika. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa mazito, na chini ya majani ardhi ilikuwa inafukuta. Siafu wawili watatu wa kupeleleza walikuwa wameshaonekana kijitoni. Kanga akakimbia mpaka dukani, anahema.

"Bwana Kenge, leo nipe kitanda changu. Mvua hiyo inakuja. Siafu hao wamefika kijitoni. Mayai yangu yanakaribia kuanguliwa, ukisogeza sikio unawasikia wanagonga ndani. Sina siku nyingine, kaka, nakuomba."

"Mama, mama, mama," akasema Kenge. "Mbona una haraka kama unafukuzwa? Mzigo wako umeshatoka! Vijana wameubeba kwa njia ya juu. Wewe kaa hapa, mimi nikawaonyeshe kiota."

"Mbona kitanda kiko pale pale?"

"Hicho ni cha mwingine. Chako kimetoka."

"Basi nije na wewe."

"Ukiondoka nani atapokea risiti? Duka lina utaratibu wake."

Akaondoka mbio. Kanga akakaa, lakini leo makalio hayakutulia. Nyuma ya pazia, ko-ko-ko. Mbele yake, kitanda kinang'aa. Juu, mawingu. Alihesabu pumzi zake mwenyewe. Moyo ukamwambia ondoka, adabu ikamwambia ngoja, mwenye duka amesema ngoja. Akangoja.

Kenge akarudi. Anatembea taratibu, tumbo mbele.

"Vijana wamepotea njia," akasema. "Njoo kesho."

Kanga akamtazama usoni. Pembeni ya mdomo wa Kenge palikuwa na kitu cha njano, chembamba, kinang'aa.

"Nini hiyo mdomoni, bwana Kenge?"

Ulimi ukatoka, ukapangusa. "Hii? Vanishi, mama. Kazi zetu hizi chafu."

Kanga akarudi hatua moja nyuma. Angempiga? Kenge ana mkia unaovunja mfupa. Angeruka? Arubuni iko nyuma ya pazia. Akageuka, akatembea polepole mpaka kona, na alipopita kona akakimbia kwa nguvu zake zote.

Kwenye kiota palikuwa na shimo la pili.

Hakulia safari hii. Alikaa juu ya yaliyobaki, akasema kwa sauti, peke yake: "Nimempeleka mwenyewe. Nimemwelekeza mwizi mlango wangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Wangapi wamewahi kuzungushwa na fundi hapa? Ee, nyoosheni mikono, msione haya! Mnaona? Wote! Na nani alimwambia jirani yake? Hakuna. Haya, sikilizeni Kanga alifanya nini.

Kanga aliyafunga mayai yake kwenye pakacha lenye nyasi laini, akalibeba kichwani. Hakuyaacha tena. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Nungunungu.

"Hodi!"

"Karibu, shoga. Nipo, baridi tu."

"Bi Nungunungu, vua hiyo shuka."

"Unasemaje wewe?"

"Vua shuka. Na mimi nitakuonyesha mabawa yangu." Akayafungua mabawa, mekundu, matupu, kama kuku aliyenyonyolewa nusu. "Nilimpa Kenge. Nilikuwa naona haya kusema. Niliona nikisema mtasema Kanga mjinga."

Bi Nungunungu akayagusa yale mabawa. Kisha akaivua ile shuka. Mgongo mzima, kipara. Miba yote imeng'olewa.

"Na mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Mgongo unaniuma kwa kulala chini, nikataka kitanda. Tangu kiangazi kilichopita nazungushwa. Nikikutana na mbwa mwitu sasa nitajikinga na nini, shoga? Silali."

"Alikuonyesha kitanda gani?"

"Kile cha mbele. Chenye maua kichwani."

"Kile ndicho changu!"

"Changu mimi! Imebaki vanishi tu."

Wakatazamana.

Juu ya mti mtu akakohoa. Ni Ngedere, kijana mwenye midomo mirefu, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo. Kwa kawaida angecheka mpaka aanguke. Leo hakucheka.

"Mama zangu," akasema, "kitanda chenye maua kichwani ni cha kwangu. Nilitoa asali yangu yote ya mahari. Nilisema kwa wakwe kitanda kipo, kinapigwa vanishi. Wakwe wananiuliza kila siku. Sasa hata kwao sipiti, nazunguka kwa nyuma."

"Basi shuka," akasema Kanga. "Leo tunakwenda wote. Na chukueni vifuu na maji, kitanda tukikipata tukisimike hapo hapo, siafu hawatungoji."

Wakaenda. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza, makubwa makubwa, na ardhi ilikuwa inanuka siafu. Ngedere alibeba maji, Nungunungu alibeba vifuu, Kanga alibeba wanae.

Kenge alipowaona watatu kwa pamoja, shingo ikapungua urefu. Lakini akatabasamu.

"Wateja wangu! Karibuni! Lakini mmoja mmoja, jamani, huduma ni kwa zamu. Mama Kanga aingie, wengine wasubiri pale nje."

"Tunaingia wote," akasema Kanga.

"Utaratibu wa duka..."

"Tunaingia wote."

Wakaingia. Kanga akaliweka pakacha katikati ya miguu yake. Ulimi wa Kenge ukatoka ukarudi. Ukatoka ukarudi.

"Tuonyeshe vitanda vyetu," akasema Kanga. "Bi Nungunungu, chako kipi?"

Nungunungu akanyoosha mkono. Ngedere akanyoosha mkono. Kanga akanyoosha bawa lake kipara. Wote kwenye kitanda kimoja.

Kenge akacheka kwa sauti kubwa mno. "Ni mtindo mmoja! Vyenu viko ghalani. Huyu fundi anatengeneza vinavyofanana. Msikieni!"

Ko-ko-ko, fundi yumo kazini...

"Basi mimi nachukua hiki hiki," akasema Bi Nungunungu. Na kabla Kenge hajasema usiguse, mama wa watu alikaa kitako juu ya kitanda.

Pwaa!

Kitanda chote kikalala chini. Miguu kule, ubavu kule, maua ya kichwani yakabingirika mpaka mlangoni. Hakikuwa na msumari, hakikuwa na tundu, hakikuwa na chochote. Kilikuwa kimegandishwa kwa ulimbo, ule wa kunasia ndege. Ndiyo maana hakuna aliyeruhusiwa kugusa!

"Umekivunja!" Kenge akapiga kelele. "Mtalipa! Na arubuni hairudi! Iliyoingia haitoki, mtauliza duka lolote!" Akauzungusha mkia, ukampata Ngedere mbavuni, Ngedere akaenda kugonga ukuta. Akauinua tena, akielekeza kwenye pakacha.

Kanga akalala juu ya pakacha. Mwili wote. Akafumba macho.

"Basi, bwana Kenge," ikasema sauti. "Imetosha."

Pazia la makuti lilifunguka. Akatoka Kigong'ota, yule ndege mdogo wa kugonga miti kwa mdomo. Nyuma yake hapakuwa na ghala. Hapakuwa na mbao, wala msumeno, wala kitanda. Palikuwa na gogo moja limelala, na godoro nene la manyoya ya Kanga, na uzio wa miba ya Nungunungu umezunguka godoro, na kibuyu kitupu cha asali.

"Mimi ndiye fundi," akasema Kigong'ota, macho chini. "Kila siku ananipa funza nigonge gogo hilo na kuimba. Gogo halijawahi kuwa kitu. Sikujua habari za mayai, mama. Naapa sikujua. Leo nimekusikia ukimuuliza ya mdomoni mwake, nimejua."

Kanga akainuka. "Una mdomo wa kutoboa mti?"

"Ninao."

"Basi mara moja katika maisha yako, toboa kitu chenye kazi."

Na hapo hapo, jamani, wakaanza kusikia. Shaa, shaa, shaa. Kama mvua kwenye majani makavu, lakini si mvua. Mlangoni ardhi ilikuwa nyeusi, na weusi ule ulikuwa unatembea.

Siafu!

Kenge kuwaona tu, akaparamia ukuta mpaka darini, akajibana kwenye makuti. "Haya!" akacheka kutoka juu. "Tuone leo mtalala wapi!"

Kigong'ota akalirukia gogo. Ko-ko-ko! Sasa si wimbo tena, sasa ni kazi. Tundu la kwanza. Ngedere, mbavu zinamuuma, akaokota miguu ya kile kitanda cha uongo akaichomeka. Tundu la pili. Bi Nungunungu akang'oa miba yake kwenye uzio, akaigongelea kama misumari ili miguu isichezecheze. Tundu la tatu. Siafu wamefika kizingitini. Mmoja alimng'ata Kanga mguuni, Kanga hakuinua mguu, aliendelea kumimina maji kwenye vifuu. "Upesi!" akalia. "Upesi, jamani, wanangu!"

Tundu la nne. Wakaligeuza gogo. Likasimama. Baya! Limepinda, lina magamba, hata ubao wa jiko ni mzuri zaidi. Lakini lilisimama. Wakainua mguu mmoja mmoja, wakausimika kwenye kifuu cha maji. Wakatandika lile godoro la manyoya juu, wakaweka pakacha, wakapanda wote wanne, wakajikunyata.

Siafu wakaingia. Wakajaza sakafu. Wakafika kwenye vifuu, wakazunguka, wakarudi, wakazunguka tena. Hawakupanda.

Lakini ukuta walipanda. Na makuti walipanda.

Kicheko cha juu kikakoma. Kisha ukasikika ukelele, kisha Kenge akaanguka toka darini, puu, katikati ya siafu. Akajipapatua mpaka pembeni ya kitanda, siafu wamemwingia puani, wamemwingia chini ya magamba.

"Nipandisheni! Mama Kanga, nipandishe, nakufa! Manyoya yako si ndiyo hayo umeyapata? Miba imerudi! Nitamlipa Ngedere asali! Nipandishe, na mimi nina roho!"

Ngedere akasema, "Mwache." Bi Nungunungu akasema, "Mwache, shoga."

Aliyemlilia ni mwizi, lakini analia kweli, na Kanga aliijua sauti ya anayelia kweli. Na chini ya kifua chake, ndani ya yai, kitu kilikuwa kinagonga kitoke. Kumpandisha Kenge kitandani penye mayai? Kumwacha aliwe mbele ya macho yake?

Akainama pembeni ya kitanda.

"Kenge, nitakuuliza neno moja. Ukinijibu ukweli nitakupa bawa langu ushike, na mayai nitampa Ngedere ayabebe kichwani. Nataka kujua tu kama wewe ni mtu wa kukaa naye mahali pamoja."

"Uliza! Uliza upesi!"

"Leo, uliporudi dukani, mdomoni mwako. Ile ya njano. Ilikuwa nini?"

Kenge akafungua mdomo. Siafu juu ya ulimi, siafu machoni, kifo kimemshika shingo, bawa linamngoja hapo juu. Neno moja tu lilitakiwa. Na wote walimsikia alivyosema:

"Vanishi, mama."

Kanga akarudisha bawa lake. Akageuka, akalalia mayai.

Kenge akatimka. Alipasua ukuta wa makuti, akakimbia na siafu wake mwilini mpaka mtoni, akajitosa majini, chubwi! Ndipo akapona. Na hajahama tena pale. Mpaka leo ukipita kando ya mto, nyasi zikichakarika kidogo tu, utamsikia Kenge anajitosa. Anadhani ni wateja.

Siafu walipokwisha kupita, mvua ikanyesha vizuri. Juu ya gogo lile baya, vifaranga wakatoka mmoja baada ya mwingine, wana madoadoa, wana kelele. Kanga akawapanga chini ya mabawa yake yasiyo na manyoya. Mahali pawili palibaki baridi, na hapo kila akipagusa alilia. Sitawadanganya, yaliyoliwa hayakurudi.

Ngedere naye hakupata asali yake. Alikwenda kwa wakwe akawaambia ukweli wote, kwamba alitapeliwa. Baba mkwe akajikuna, kisha akasema, "Mwanangu, hata mimi nilimpa arubuni. Tangu mwaka juzi." Mke akapewa.

Mmesikia? Sasa shikeni. Tapeli wa arubuni hali kwa meno yake, anakula kwa haya zenu. Mmoja anajifunika shuka, mwingine anasema ananyoosha miguu, mwingine anazunguka kwa nyuma, na yeye ananenepa. Ukidanganywa sema, jirani yako asije akadanganywa na kitanda kilekile. Na mwenye duka akikwambia njoo kesho, kesho yake usiende peke yako.

Ngano yangu naitua hapa chini, mnisaidie kuishusha. Palipo na utamu gawaneni, palipo na uchungu niachieni mimi niliyeipika.

— Tumeipokea!

Basi inukeni, na Mwanakombo arudishe mkeka wa watu.